Poti 111 iko wazi na si mimi niliyeiwasha. Lawama ni ya nani?

Fundi_Njiro:
Wakuu salaam. Nasimamia seva ya ofisi moja ya utalii hapa Arusha, inatumia Linux ya Debian 12. Ina anwani yake ya wazi kwa sababu tovuti ya bukingi imekaa humo humo. Juzi mtoa intaneti katuandikia kwamba mashine yetu inamjibu kila anayebisha poti 111, na watu wanaitumia kushambulia wengine. Nikapiga `ss -tulnp` kuona nani anasikiliza poti gani, kweli, rpcbind, ile huduma inayowaambia wageni huduma nyingine ziko poti gani. Mimi niliinstoli nfs-common tu (kifurushi cha NFS, njia ya kusoma faili za mashine nyingine kupitia mtandao), ili tusome picha za safari kwenye stoo ya diski. Nikaizima kwa `systemctl stop rpcbind`. Usiku umeme ukakatika, mashine ilipowaka na yenyewe ikawaka. Bosi anauliza nani kaifungua. Hili si la Debian wenyewe?

chuma_ulete:
Hamia AlmaLinux mkuu, ni Linux nyingine. Kule ukiweka httpd, huduma ya tovuti, inalala hadi uiamshe.

Mzee_wa_Rau:
Na sshd, ya kuingilia seva kutoka mbali, je? Kule inawashwa bila kuulizwa mtu. Kila mfumo una orodha yake, kuhama si dawa.

Fundi, tuzime kwanza. Uliposimamisha rpcbind, mfumo ulikuonya kwamba rpcbind.socket bado inaweza kuiamsha (onyo hilo hakuna anayelisoma, najua). Soketi ni bawabu: mwenye nyumba amelala, yeye kakaa mlangoni 111, mtu akibisha anamwamsha. Kwa hiyo zima wote wawili:

`systemctl mask --now rpcbind.service rpcbind.socket`

Hapo umeme ukatike utakavyo. Kisha jaribu picha. Stoo yenu ikiwa inatumia NFS toleo la 4, rpcbind haihitajiki kabisa, inatosha poti 2049. Toleo la 3 ndilo linaloihitaji. Mkilazimika kubaki nalo, iache iwake lakini nftables (ukuta wa moto wa Linux) iruhusu mtandao wa ndani peke yake. Mchezo wa kutumia 111 kukuza mashambulizi unajulikana tangu 2015, si jambo la kuachia.

Sasa lawama. Desturi ya Debian haijafichwa: ukiweka kifurushi chenye huduma wanaiwasha hapo hapo, wakichukulia kwamba aliyeweka anaitaka. Mimi hoja hiyo siipendi, hasa kifurushi kinapoburuta kingine ambacho hukukitaja, kama hiki chako. OpenBSD, mfumo mwingine, hawaiwashi portmap (ndiyo rpcbind yao) mpaka uandike `rcctl enable portmap`. FreeBSD, ndugu yake, unaandika `rpcbind_enable="YES"` ndani ya /etc/rc.conf kwa mkono wako. Naona hao wana adabu zaidi.

Lakini bosi wako hakuwaajiri Debian, kakuajiri wewe. Wao walichagua bila kujua kama mashine itakaa chini ya meza au itatazamana na dunia nzima. Aliyeipa anwani ya wazi ndiye aliyejua. Mpelekee karatasi: kilikuja na kifurushi fulani, nimekizima, na hivi ndivyo vinavyosikiliza sasa, kila kimoja na sababu yake. Kisicho na sababu, kizime kabla hujaichapa.

Fundi_Njiro:
Shikamoo mzee. Nimefanya, 111 haionekani tena na picha zinafunguka. Karatasi naiandaa, sababu ya avahi, ile ya kutangaza mashine kwenye mtandao wa ndani, sijaiona. Je, naweza kuizuia Debian isiwashe chochote yenyewe?

Mzee_wa_Rau:
Marahaba. Avahi kwenye seva ya tovuti? Zima.

Dada_Soweto_Moshi:
Kaka, tengeneza /usr/sbin/policy-rc.d, mistari miwili tu: `#!/bin/sh` na `exit 101`, kisha `chmod +x`. Ila inazuia kuwashwa wakati wa kuinstoli tu. Huduma inakuwa imeshasajiliwa, mashine ikibuti inawaka kama kawaida, na kwa umeme wetu huu haitachukua muda. Kwa hiyo ukimaliza kuinstoli piga `systemctl list-unit-files --state=enabled`, usichokitaka kitoe kwa disable. Halafu ile faili ifute. Ukiisahau, siku ya kusasisha, apache (huduma ya tovuti) haitaanzishwa upya, na mtaanza kutafutana uchawi ofisini.