Bastola ndogo zenye michoro isiyo ya kawaida: Bullpup 9, Rhino, Curve au Smith & Wesson 642?

Kipanga_Houston
Wakuu, salaam. Niko Houston, mkaazi wa kudumu. Kazi zangu ni za usiku, na joto la huku haliruhusu koti. Darasa la silaha nimeshapita na uwanja wa shabaha naenda mara kwa mara. Sasa natafuta bastola ya kukaa kiunoni chini ya shati bila kuonekana. Zile za kila mtu nazijua. Zinazonivuta ni zile ambazo mchoraji wake alikataa kufuata mkumbo. Nimechuja zikabaki tatu: Bond Arms Bullpup 9, Chiappa Rhino 200DS na Taurus Curve. Ya nne ni Smith & Wesson 642, revolva ndogo ya kawaida, nimeiweka ili nipate cha kupimia. Naomba mnilinganishie, hasa kwa upande wa jinsi zinavyofanya kazi.

Fundi_Chuma
Mkuu, nianze na Bullpup kwa sababu ndiyo iliyobadilisha mambo mengi zaidi ndani.

Bastola ya kawaida ya magazini inasukuma risasi mbele: slaidi (kile kipande cha juu kinachoteleza nyuma na mbele) ikirudi mbele, inaikumba risasi ya juu kwenye magazini na kuiingiza chemba, yaani pale risasi inapokaa ikingoja kufyatuliwa. Kwa hiyo chemba lazima iwe mbele ya magazini, na hapo ndipo urefu unapopotea. Arne Boberg wa Minnesota aligeuza utaratibu huo. Slaidi inaporudi nyuma, koleo mbili ndogo zinaishika risasi kwenye ukingo wa kitako na kuivuta itoke kwenye magazini kinyumenyume. Kisha inanyanyuliwa, na slaidi ikirudi mbele inaisukuma chemba. Kwa njia hiyo chemba inakaa juu ya magazini yenyewe. Ya kwanza iliitwa XR9-S, baadaye mchoro ukachukuliwa na Bond Arms wa Texas.

Matokeo yake unayaona kwenye vipimo. Urefu wote ni kama milimita 130, mtutu milimita 85. Chukua SIG P365, ambayo mchoro wake ni wa kawaida: urefu milimita 147, mtutu milimita 79. Yaani Bullpup ni fupi zaidi na bado ina mtutu mrefu zaidi, na kwa risasi za milimita 9 mtutu mrefu maana yake ni kasi zaidi. Tena mtutu wake unazunguka wakati wa kufunguka badala ya kuinama, na mkono unapata nafuu.

Gharama yake ni hii, isikilize vizuri. Risasi ikivutwa nyuma kwa nguvu, ganda ndilo linaloshikwa, lakini kichwa kina uzito na kinataka kubaki kilipo. Ganda lisipokuwa limekibana sawasawa, linatoka peke yake, kichwa kinabaki kwenye magazini na baruti inamwagika ndani ya mashine. Boberg mwenyewe alikuwa akitoa orodha ya risasi zinazofaa na zisizofaa. Ukiinunua, unachagua aina moja ya risasi, unaijaribu kwa maboksi kadhaa, halafu unabaki nayo. Huwezi kuingia dukani ukachukua yoyote iliyopo.

BintiKisauni
Kaka Kipanga, mimi niko Ohio na Rhino nimeipiga sana, ni ya mume wangu.

Revolva zote ulizozoea zinafyatua chemba ya juu ya silinda. Mtutu unakuwa juu sana ya mkono, na kila risasi ikitoka mdomo wa mtutu unaruka juu. Rhino inafyatua chemba ya chini kabisa. Mtutu uko karibu usawa wa mkono, kwa hiyo nguvu inakuja moja kwa moja kwenye kiganja. Hairuki. Kiganja kinasikia, usidanganywe kwamba hakisikii, lakini risasi ya pili unaipeleka haraka kwa sababu hujapoteza shabaha. Kwa kaliba .357 Magnum na mtutu wa inchi 2, hilo si jambo dogo. Aliyeichora ni Emilio Ghisoni, Mwitaliano aliyekuwa nyuma ya zile revolva za Mateba, pamoja na Antonio Cudazzo. Ghisoni alifariki 2008, kabla bastola haijafika madukani.

Silinda nayo ina pande sita bapa badala ya kuwa duara kamili, kwa hiyo inalala vizuri kiunoni.

Ubaya. Kile unachokiona nyuma ukadhani ni nyundo si nyundo. Ni wenzo tu wa kukoki (kuivuta nyundo nyuma tayari kufyatua), ukiuvuta unarudi mahali pake. Nyundo halisi imejificha ndani, na alama nyekundu ndiyo inayokuambia kama imekokiwa. Ndani mna vyuma vingi kuliko revolva ya kawaida, na triga ukiivuta bila kukoki ni nzito. Halafu vidole: upenyo kati ya silinda na mtutu uko chini, karibu na mkono wako wa pili, na gesi ya moto inatokea hapo. Lazima ujifunze upya pa kushika.

Kipanga_Houston
Asante sana dada, hilo la gesi sijaliona popote. Na Curve je? Nimeona iliyotumika kwa bei nzuri.

Fundi_Chuma
Curve ilitoka mwishoni mwa 2014. Mwili wake umepinda ili ufuate mviringo wa nyonga, kaliba .380, risasi 6 kwenye magazini, uzito karibu gramu 290. Taa na leza viko ndani yake. Nyepesi kweli. Lakini vilengeo viliondolewa kabisa, nyuma kumechorwa mistari myeupe inayopishana kama msalaba, ndiyo unayolengea. Betri ikiisha, umebaki na mistari. Na mpindo ni kwa anayevaa upande wa kulia tu.

Maoni yangu ya dhati: Boberg alitatua tatizo la urefu, Ghisoni akatatua la kuruka kwa mtutu. Curve ilitatua tatizo ambalo ala nzuri ya bastola ilikuwa imeshalitatua, na kwa ajili hiyo ikakunyang'anya vilengeo. Imeshaacha kutengenezwa. Mimi nisingenunua.

Mzee_Kazembe
Wanangu, hiyo 642 mnaiita ya kawaida kwa sababu mmeizoea. Smith & Wesson walitoa revolva iliyoficha nyundo ndani ya fremu mwaka 1887, na nyuma ya mpini kuna kipande ambacho usipokikaza kwa kiganja haifyatui. Ilikuwa kitu kigeni wakati huo. Mwaka 1952, kampuni ilipotimiza miaka 100, wakairudisha kwa jina la Centennial, na 642 imetoka kwenye ukoo huo. Kile kipande cha mpini kiliachwa, nyundo ya kufichwa ikabaki, maana inatoka mfukoni bila kunasa kwenye nguo.

Kabla ya hapo kulikuwa na ya Jacques Turbiaux, Mfaransa, hataza yake ni ya 1882. Umbo la kisahani, unaifumbata kiganjani, mtutu unatokeza kati ya vidole, na unafyatua kwa kubana ngumi. Ilifichika vizuri kuliko zote mnazozitaja, ila kulenga kwa kisahani ni kazi ngumu, na risasi zake zilikuwa dhaifu.

Mama_Neema
Naomba niulizie jambo langu hapohapo. Mama mkwe wangu ni raia wa huku, anaishi peke yake, na vidole vyake vina ugonjwa wa viungo. Slaidi hawezi kuivuta.

BintiKisauni
Mama Neema, pole kwake. Beretta 3032 Tomcat, kaliba .32, mtutu wake unafunguka kwa juu. Anabonyeza wenzo mdogo, mdomo wa nyuma wa mtutu unainuka, anatia risasi moja kwa mkono, anafunga. Slaidi haiguswi. Haina kivuta ganda kama nyingine, ganda linatoka kwa nguvu ya gesi, kwa hiyo risasi isipolipuka lazima ufungue mtutu na pengine uichokonoe itoke. Na kitabu chake kinaonya dhidi ya risasi kali kupita kiasi, asome kabla ya kununua. Ama ajaribu Smith & Wesson Shield EZ ya 2018, mchoro wa kawaida kabisa, springi tu imelegezwa ili slaidi ivutike kirahisi. Ajaribu zote mbili kwa mikono yake mwenyewe.

Chalii_wa_Sinza
Wakuu, kuna moja nimeona inakunjwa inakuwa kama simu. Hiyo si ndiyo kiboko ya kuficha? Na binamu yangu yuko huko kwa viza ya masomo, anaweza kununua hizi?

Mzee_Kazembe
Mwanangu, binamu yako asijaribu. Sheria ya shirikisho inakataza wenye viza za muda kumiliki silaha, isipokuwa kwa vifungu vichache kama leseni ya uwindaji. Texas tangu Septemba 2021 inaruhusu wenye miaka 21 na zaidi kubeba bila kibali, lakini hiyo haiwahusu waliokatazwa na sheria ya shirikisho. Ukiwa Bongo ni Sheria ya 2015 ya udhibiti wa silaha, leseni kwanza.

Hiyo ya simu siipendi hata kidogo. Bastola kufichwa chini ya nguo ni sawa. Bastola kufanana na kitu ambacho mtoto wa miaka minne anakiokota kila siku mezani ni hatari ndani ya nyumba. Na askari akikusimamisha usiku, unaishika mkononi, ataona nini?

Fundi_Chuma
Naungana na mzee. Kipanga, jambo moja la mwisho. P365 ya 2018 iliwabana sana wabunifu hawa. Magazini yake inapanga risasi 10 kwa kupishana ndani ya mpini mwembamba, na haichagui risasi kama Bullpup. Ukitaka Bullpup, ichukue kwa sababu ule urefu uliopungua unakusaidia kweli mwilini mwako. Pima ukiwa umekaa ndani ya gari.

Kipanga_Houston
Nimewaelewa. Curve nimeitoa. Bullpup naiogopa kwa sababu ya risasi, huku wakati mwingine rafu zinakuwa tupu. Jumamosi kuna uwanja unaokodisha Rhino, nitaipiga sambamba na 642. Dada Kisauni, ala yake je? Za revolva nyingine zinaingia?

BintiKisauni
Haziingii kaka, mtutu uko chini na umbo lote ni tofauti. Tafuta iliyofinyangwa kwa ajili ya Rhino 200 hasa, na uhakikishe inafunika triga yote. Ya kitambaa laini usiweke. Jumamosi anza na .38 Special, risasi hafifu kuliko .357, ukishazoea pa kuweka vidole ndipo uingie .357.