Madila wa magari Marekani, acheni kudanganya watu kuhusu gari la kuvuta nyuma ya motahomu!!

Wakuu, mlioko Marekani na Kanada wenye motahomu (lile gari-nyumba la kusafiri na kulala humo humo) au mnaopanga kununua, someni hii kabla hamjasaini karatasi yoyote kwa dila. Nimechoka na hawa wauza magari, nimechoka kweli kweli.

Kwa ambao hawajui, motahomu ukishaipaki kambini na kuiunganisha maji na umeme, huwezi kuing'oa tena eti unakwenda dukani kununua maziwa. Ndo maana watu wanavuta gari dogo nyuma. Kuna wanaolipakia juu ya trela, kuna wanaonyanyua matairi ya mbele kwenye kitrela cha magurudumu mawili, na kuna sisi tunaofunga chuma pale mbele kwenye bampa, gari linafuata lenyewe na matairi yote manne yako chini. Hii ya mwisho ndo nyepesi kuliko zote, unafunga na kufungua chap, huna trela la kuhangaika pa kulilaza. Ila sio kila gari linakubali kuvutwa hivyo, na hapo ndo watu wanapopigwa.

Tulienda na mke wangu kwenye yadi ya dila mmoja hapa Texas. Nikamuuliza muuzaji wazi wazi, hili gari naweza kulivuta matairi manne chini? Akanijibu hamna shida, weka nyutro tu unaondoka. Sikuishia kwake, nikazunguka upande wa sevisi nikauliza tena, jamaa naye akaitikia ndiyo bila hata kugusa kompyuta. Gari lenyewe ni otomatiki ya CVT, ile gia boksi isiyo na gia za hatua hatua. Na humo ndani hawajakuwekea kitabu kamili cha maelekezo ya gari, wanakupa kijitabu chembamba cha kukuonyesha redio na namna ya kuunganisha simu, kitabu chenyewe eti ukatafute mtandaoni.

Basi nikaingia gharama. Zile bracketi za kufungia chuma kwenye chasisi, nyaya za taa, breki ya ziada ya kukanyaga pedali ya gari la nyuma motahomu inapofunga breki, ukijumlisha na ufundi ni maelfu ya dola hayo. Na zile bracketi ukibadili gari hazihami, zimetengenezwa kwa gari hilo hilo tu.

Tukashika barabara kuu ya I-10 kwenda Arizona. Tumeshapita Fort Stockton, tukasimama kunyoosha miguu, mke wangu ndo akawa wa kwanza kusikia harufu. Nikainama chini ya gari, oili inadondoka kwenye gia boksi, nyeusi tii, ukiisugua kwenye vidole ina chengachenga za chuma na inanuka kuungua. Nikawasha, nikaweka D, injini inanguruma gari halisogei hata inchi. Mke wangu kakaa pale kwenye ngazi ya motahomu haongei, na hiyo hela ni ya ovataimu zake za usiku hospitali, ndo maana naandika kwa uchungu.

Fundi aliyelifungua alinielezea vizuri. Gia boksi nyingi za otomatiki pampu yake ya oili inazungushwa na injini. Injini ikizimwa pampu imelala, lakini matairi yanazunguka na yanaendelea kuzungusha vyuma vya ndani, vinasagana vikavu maili kwa maili mpaka viungue. Nyutro haikusaidii kitu hapo! Yaani mtu anauza magari kila siku iendayo kwa Mungu hajui hilo, au anajua na anataka kamisheni yake.

Kurudi kwa dila, waranti wamekataa. Meneja kanifungulia kitabu kwenye skrini yake, kuna kipengele kizima kinakataza kuvuta gari hilo matairi yakiwa chini. Kwahiyo mnacho! Mnakijua kilipo! Mbona siku ya kuuza hakufungua mtu? Nikamwonyesha meseji ambayo muuzaji wake alinijibu hivyo hivyo kwamba linavutika, anasema muuzaji sio fundi. Sasa kama sio fundi kwanini ajibu swali la fundi?

Na majina ya magari yasiwadanganye. Honda CR-V za mpaka 2014 Honda wenyewe waliruhusu, unapitisha gia mpaka D, unarudi N, unaacha injini iungurume dakika 3 ndo unazima, na barabarani usizidi maili 65 kwa saa. 2015 wakaingiza CVT, ruhusa ikafa, gari kwa nje linafanana karibu kila kitu. Jeep Grand Cherokee za 2011 mpaka 2021 ndo balaa zaidi, zina mifumo tofauti ya kuendesha matairi manne, yenye Quadra-Trac II inavutika kwa sababu transfa kesi yake (boksi linalogawa nguvu kwa matairi ya mbele na ya nyuma) ina nyutro ya kweli, yenye Quadra-Trac I haina hiyo nyutro na haivutiki, na zote mbili zinakaa mstari mmoja pale yadi. Wrangler ndo haina maneno mengi, transfa kesi unaweka N, gia boksi ya otomatiki unaiacha kwenye P, unaondoka. Ila angalia uzito wake na uwezo wa huki ya motahomu yako.

Sisi wa kutoka nyumbani tunaamini Toyota, na mimi siwalaumu wanaoamini, lakini gari linaloaminika kwa kuendesha sio lazima liaminike kwa kuvutwa. RAV4 za siku hizi Toyota wanakataza. Prius wanakataza. Tesla ndo usiguse kabisa. Gari kama hizo panda nazo kwenye trela yakiwa matairi yote juu.

Ninachotaka ni kitu kidogo tu, kiwanda kiandike kwenye ile karatasi ya bei inayobandikwa dirishani, linavutika au halivutiki. Wanaandika mpaka idadi ya spika, hili la gia boksi nzima kufa linawashinda nini? Na ninyi mkienda yadi msikubali jibu la mdomo, mwambieni afungue kitabu cha mwaka huo huo na mfumo huo huo wa gari, asome mbele yenu, akikataa ondokeni.

Malalamiko nimeshayapeleka ofisi ya mwanasheria mkuu wa jimbo upande wa walaji, na meseji zote nimeambatanisha. Kuna mtu hapa ameshawahi kushinda kesi ya namna hii akiwa na meseji tu? Ilichukua muda gani? Na mwenye CR-V ya 2012 mpaka 2014 anauza maeneo ya Houston au Dallas anicheki inbox.