Hilux D4D haiwaki, fundi asema kontroli boksi (kompyuta ya enjini) imekufa. Ninunue ama?

Samaki_Kongowea
Jamani salamaleko. Nina Hilux KUN25, enjini ni 2KD ile ya 2.5 dizeli, nabebea samaki na barafu kutoka Shimoni hadi Kongowea karibu kila alfajiri. Kama wiki mbili hivi ilianza tabia ya kuzima ikipiga tuta, nazima swichi, nawasha tena, yaondoka kama haijafanya kitu. Basi juzi imenizimia nashuka feri ya Likoni, nyuma yangu matatu na malori wanapiga honi na mimi nasukuma na watu nisiowajua, samaki ndani, hebu fikiria. Tangu hapo haijawaka. Stata yazunguka vizuri kabisa, betri ni ya juzi. Kitu nilichokiona mimi ni kuwa ile taa ya chek enjini zamani nikifungua swichi ilikuwa inawaka kidogo kabla ya kupiga stata, sai haionyeshi chochote. Fundi kaja na skana yake, yasema haiwezi kuongea na enjini, akaniambia kontroli boksi imekufa, ya mtumba ni elfu 55 na anaijua mahali ilipo. Nishatuma elfu 10 ya kushikilia. Je ni sawa ama nimeliwa?

Bin_Mtwapa
Nunua tu bro. Hizo boksi za hewa ya chumvi haziishi. Unatoa plagi unachomeka nyingine dakika kumi unaenda zako.

FundiWaya_Changamwe
Dakika kumi 😂 sawa.

Mwanangu wa samaki, usitume hizo 45 zilobaki. Boksi kufa kwenyewe tu hivi hivi si jambo la kila siku, nimefanya waya miaka mingi na nyingi nilizoletewa "zimekufa" zilikuwa zima. Hiyo taa ya chek enjini ndiyo yakwambia mengi. Ukifungua swichi lazima iwake, sasa ikikaa giza maana yake boksi halijaamka, na boksi lisilokuwa macho haliwezi kuongea na skana, kwa hivyo fundi wako hajaongopa kuhusu skana ila karuka hatua. Kutoamka na kufa ni vitu viwili. Linaweza kutoamka kwa sababu halipati umeme, halina athi, yaani waya wa negativu, ama ile volti 5 yake imeshikana na bodi, chuma cha gari, mahali. Hiyo ya mwisho ndiyo inayowapoteza watu. Boksi hutengeneza volti 5 linazipeleka kwa sensa, ya kanyagio la mafuta, ya presha ya reli (bomba linalogawia injekta mafuta), ya presha ya turbo, na kwa Toyota hizi line hiyo ikigusa bodi ama sensa moja ikiungua kwa ndani, ubongo wenyewe unalala na taa haiwaki. Imeandikwa hata kwenye vitabu vyao vya ufundi. Na wewe wasema ilikuwa yazima kwenye matuta. Boksi lililoungua lajuaje kama kuna tuta? Huo ni waya.

Fanya hivi, ama mwambie mtu mwenye testa akufanyie. Fyuzi ya EFI, ile ya umeme wa boksi, na rilei yake kwanza, usiangalie kwa macho tu, pima pande zote mbili swichi ikiwa on. Kisha waya wa negativu kutoka betri hadi kwenye bodi na hadi kwenye enjini, huo kwa gari la samaki naogopa sana, maji ya barafu yenye chumvi yashuka kwenye chesisi miaka yote hiyo, utakuta unga wa kijani ndani ya kichwa cha waya na kwa nje wang'aa. Ukimaliza hapo chomoa plagi ya sensa ya presha ya turbo, ina waya tatu, mmoja wapo lazima uwe na volti 5 hivi swichi ikiwa on. Leta majibu hapa.

Dereva_Miritini
Fundi kasema kweli lakini na zinazokufa zipo jamani. Yangu ilikufa wallahi, na niliiua mwenyewe. Betri ilikuwa imelala, nikaomba jampu kwa jamaa wa trela pale barabarani, tukafunga waya, kumbe tumechukua betri zote mbili pamoja, volti 24 zikaingia kwenye pikapu ya 12. Moshi kidogo, harufu ya plastiki, kwisha. Mwingine nimjuaye alichomelea keria ya nyuma bila kutoa tamino za betri, naye akalipa.

Sasa kuhusu dakika kumi za Bin Mtwapa. Boksi langu la kwanza la mtumba lilikuwa na namba tofauti mwishoni. Zote zaanza 89661, muuzaji aniambia ni moja tu hizo, yaingia kwenye plagi sawasawa, na gari halikuwaka. Namba lazima ifanane yote na ile ya kwenye kibandiko, gia ya mkono na otomatiki si boksi moja. La pili namba ilikuwa sawa, ikashika halafu yazima palepale kwa sababu gari langu lina imobilaiza, ile kinga ya wizi, na boksi halikuijua ile funguo, ikabidi tuunganishe pini ya 4 na ya 13 kwenye soketi ya skana swichi ikiwa on nusu saa nzima ndipo wakajuana. Halafu ikawa yanguruma vibaya na moshi, kumbe injekta zangu zina zile kodi za herufi na namba 30 juu yake na boksi lilikuja na kodi za injekta za gari la watu huko. Siku tatu hizo, si dakika kumi. Na lile boksi la kwanza sikurudishiwa hela.

Bin_Mtwapa
Haya nimekoma. Ya kwangu haikuwa na imobilaiza ndo maana 😅

Samaki_Kongowea
Mzee wangu wa Changamwe nimerudi na majibu. Fyuzi nzima, rilei yapiga, umeme wafika mpaka kwenye boksi, liko nyuma ya kidroo cha dashibodi upande wa abiria, volti 12.4. Athi ulijuaje 😳 kile kichwa cha waya nilipokivuta kilibaki mkononi, kijani tupu. Nimekata nimeweka kipya, nimepiga msasa mpaka chuma. Haikuwaka bado. Ile volti 5 ndiyo hii sasa, napata 0.3. Nikachomoa sensa ya turbo, ya reli, ya kanyagio, ya EGR (valvu ya kurudisha moshi), moja moja huku kijana wangu aangalia dashibodi, taa haikuja hata kwa moja. Yaani sasa si ni boksi kweli? Fundi wangu anipigia kila saa, asema boksi lashikiliwa na mtu mwingine pia.

FundiWaya_Changamwe
Huyo mtu mwingine yupo kila mara.

Bado. Umeondoa sensa lakini waya bado uko pale. Toa tamino ya betri, chomoa plagi za boksi lenyewe, sensa zote zikiwa bado nje, weka testa kwenye omu, kipimo cha ukinzani, pini moja kwa ule waya wa volti 5 kwenye plagi ya turbo, nyingine kwenye bodi. Ikisoma karibu na sufuri, waya umegusa bodi na boksi halina kosa. Isiposoma kitu, rudisha boksi peke yake sensa zikiwa nje, kama bado hakuna 5, basi hapo nami nitakubali nunua boksi. Halafu niambie, kuna mtu alifungua turbo ama kitu chochote upande huo karibuni?

Samaki_Kongowea
Turbo ilifunguliwa mwezi wa Ramadhani.

FundiWaya_Changamwe
Anza hapo. Tafuta klipu ambayo haikurudishwa.

Samaki_Kongowea
Wadau IMEWAKA. Omu ilisoma 0.8, tukafuata waya kidogo kidogo kuanzia kwa turbo, nyuma ya enjini mahali huwezi kuona isipokuwa kwa kioo na tochi, mzigo wa waya umelalia bati la kushikilia bomba, klipu hakuna kabisa, umesuguliwa mpaka waya tatu zimebaki shaba, na mmoja ndio huo wa volti 5. Kila tuta unagusa, unaachia, mpaka juzi Likoni ukashikana moja kwa moja. Tumelehemu kwa risasi, tumevisha ile mpira ya kubana kwa moto, tumefunga mbali na lile bati. Kufungua swichi tu taa ya chek enjini hiyooo, nusu stata. Gharama yote haijafika elfu 2 pamoja na chai ya vijana. Mzee Allah akuweke, ukipita Kongowea alfajiri uliza gari la samaki la Shimoni, changu huondoki mkono mtupu.

Sasa ile elfu 10, fundi asema mwenye boksi harudishi hela, nichukue mzigo nimalizie ama nisahau. Kuna mtu ana KUN25 ya gia ya mkono anataka boksi? Namba nitamtumia aifananishe yote mpaka mwisho kwanza.

Dereva_Miritini
Nitumie hiyo namba. Na muulize kama lina kibandiko, kama kimebanduliwa mwachie na elfu 10 zake.