Tupeane uzoefu: mtoto anabana mdomo akiona mswaki, nyie mnafanyaje?

Mama Mapacha

Wazazi na walezi, karibuni. Mada ni watoto tangu jino la kwanza linapochomoza, miezi 6 hivi, mpaka miaka 7 au 8. Ya "mwimbie wimbo" na "fanya iwe mchezo" tumeshayasikia, tusirudie. Leteni ya mkononi: mtoto akae vipi, dawa kiasi gani, unaanzia wapi, anakataa kwa nini. Mtoto hakatai mswaki bure. Mara nyingi kuna mahali panamuuma na hana maneno ya kupataja.

Naanza na hapo. Mnyanyulie mtoto mdomo wa juu uangalie katikati, juu ya yale meno mawili ya mbele. Kuna kijikamba cha nyama kinachounganisha mdomo na fizi. Mswaki ukikigonga hicho, maumivu yake si mchezo, na kesho yake ukitokea tu na mswaki mdomo unafungwa kama kufuli. Dawa yake ni kidole. Kidole cha shahada cha mkono usioshika mswaki kilaze juu ya kijikamba, unyanyue mdomo kidogo, mswaki upite chini ya kidole. Siku nne tano bila kuguswa pale, wengi huanza kulegea.

Baba K

Umegusa penyewe, Mama Mapacha. Mimi niongezee mkao, kwa sababu hapo ndipo vita vinapoanzia.

Kumsimamia mtoto kwa mbele ni kosa. Ukisogeza mswaki, kichwa kinarudi nyuma, unamfuata, anarudi tena. Na kutoka mbele unaona meno ya chini tu, ya juu unapiga kwa kubahatisha.

Mkiwa watu wazima wawili: kaeni mnatazamana, magoti yagusane. Mtoto akae kwa mmoja, miguu imzunguke kiuno, kisha alazwe chali kichwa kiangukie mapajani kwa mwenzake. Mwenye miguu anashika mikono, mwenye kichwa anapiga mswaki. Kinywa chote kinaonekana na kazi inaisha upesi.

Ukiwa peke yako, kaa kitandani au sakafuni, mtoto alale kichwa kikiwa mapajani mwako, miguu yake ielekee mbali na wewe. Mkubwa kidogo asimame mbele ya kioo, wewe nyuma yake, kisogo kikuegemee tumboni, mkono mmoja ushike kidevu.

Halafu jamani, tusiminye mashavu ili mdomo ufunguke. Shavu linabanwa kwenye meno kwa ndani, linauma. Ingiza kidole pembeni, kati ya shavu na fizi, ulivute shavu nje kidogo. Nafasi inapatikana na taya linaachia lenyewe.

Nesi wa Zamu

Kwenye dawa ndipo tunapoharibu. Tunaipaka mswaki mzima kama kwenye matangazo. Kipimo ni hiki: chini ya miaka 3, ukubwa wa punje moja ya mchele. Kuanzia 3 mpaka 6, punje moja ya njegere. Basi.

Ikizidi kinatokea nini? Kwanza povu linajaa mdomo mdogo, mtoto anahisi anazama, anakurupuka. Pili anameza. Akimeza nyingi kila siku miaka hiyo, meno ya ukubwani ambayo bado yanajengeka ndani ya taya yanaweza kuja kuota na madoa meupe. Ndiyo maana pia tyubu isikae mahali anapofikia. Ila hofu hiyo isiwapeleke kwenye dawa zisizo na floraidi. Floraidi ndiyo inayolikaza jino. Soma boksi, tafuta angalau 1000 ppm, yaani kipimo cha floraidi iliyomo. Picha ya katuni haimaanishi kuwa imo, kuna dawa za watoto zisizo nayo kabisa.

Mambo mawili madogo. Ikandamize ile punje kwa kidole iingie kati ya nyuzi, vinginevyo atairamba kabla hujaanza. Na kama anasema "inawasha", haongopi. Mnanaa mkali unachoma ulimi wa mtoto. Badilisha ladha.

Akimaliza ateme, asisukutue kwa maji. Maji yanaondoa floraidi uliyoiweka. Asiyejua kutema, mfute povu kwa kitambaa safi. Kwa kiasi cha punje ya mchele, kinachobaki mdomoni hakina neno.

Shangazi Mkubwa

Nesi, asante. Nina swali kwa niaba ya wengi: mtoto akitoka damu ukimpiga mswaki, uache apumzike?

Nesi wa Zamu

Shangazi, hapana, ukiacha ndiyo inazidi. Fizi inavimba na kutoa damu kwa sababu ya ukoga uliokaa kwenye ukingo wake, ule utando unaonata. Endelea asubuhi na usiku, mswaki laini, mkono mwepesi, na hapo hapo panapotoa damu ndipo pasirukwe. Wiki moja hadi mbili inakata. Isipokata, mpeleke kwa tabibu wa meno.

Anapoota jino na fizi imetuna, hilo ni jambo lingine. Pale palipovimba pitisha kitambaa chenye maji kilichozungushwa kidoleni, meno mengine yapigwe kama kawaida.

Fundi Mswaki

Niende kwenye mkono wenyewe. Mswaki uwe na kichwa kidogo, nyuzi laini. Uinamishe nusu nusu, nyuzi zielekee pale jino linapoingia kwenye fizi, maana ukoga hupenda kukaa hapo. Vizunguko vidogo vidogo, kama unafuta maandishi ya penseli bila kutoboa karatasi. Kule kusugua kwa nguvu kwenda na kurudi kunaumiza fizi na katikati ya meno hakufiki.

Uvumilivu wa mtoto una kikomo, kwa hiyo usianze na meno ya mbele ati kwa sababu yanaonekana. Anza na magego. Na kila siku badilisha upande wa kuanzia, la sivyo upande ule wa mwisho utakuwa unaachwa kila siku, na ndio utakaotoboka.

Magego ya juu kwa nje yana siri yake. Watu humwambia mtoto "panua sana". Akipanua sana, taya na shavu vinabana ile nafasi na mswaki hauingii. Mwambie afunge nusu. Shavu linalegea, mswaki unateleza mpaka nyuma.

Dakika 2 ni sawa, lakini mtoto wa miaka miwili hajui dakika. Mhesabie kwa sauti: moja mpaka kumi kila sehemu, kisha unahama. Anajua kumi ikifika mkono unatoka. Na ukisema kumi iwe kumi. Ukiongeza "na moja, na mbili" umemfundisha kuwa hesabu yako haina mwisho, kesho hakuamini.

Kwa anayetaka kutapika: kagua pua kwanza. Mwenye mafua anapumua kwa mdomo, wewe umemjazia mdomo mswaki. Mpenge kamasi ndipo uanze. Asiinue kichwa, ainamishe kidevu kidogo, ulimi ubaki chini, na mswaki uingilie pembeni kupitia shavuni, usipite katikati juu ya ulimi.

Mama Mapacha

Hiyo ya kufunga nusu iandikwe ukutani!

Mwalimu wa Chekechea

Kuhusu ubishi wa "nataka mwenyewe": miswaki iwe miwili. Mmoja wake aushike na kuutafuna atakavyo, mwingine wako wa kazi. Yeye kwanza, wewe unamalizia. Asiulizwe "unataka kupiga mswaki?" maana jibu mnalijua. Aulizwe "tuanze juu au chini?"

Kukimbiakimbia na mswaki mdomoni ni marufuku kabisa. Akianguka, ule mpini unaweza kutoboa kaakaa.

Na msisubiri mpaka anasinzia. Mtoto aliyechoka hata kuvua kiatu ni kilio. Akishamaliza kula na kunywa maziwa ya mwisho, mswaki hapo hapo, hadithi baadaye.

Nesi wa Zamu

Mwalimu kanikumbusha. Ukibanwa mpaka ukalazimika kuchagua, okoa ule wa usiku. Mtu akilala mate yanapungua, na mate ndiyo yanayosafisha kinywa. Sasa mtoto anayelala na chupa ya maziwa au juisi mdomoni, sukari inashinda imegusa jino usiku kucha. Utaona meno ya mbele ya juu yanaoza, ya chini mazima. Ya chini yanalindwa na ulimi na mate. Akiamka na kiu usiku, apewe maji. Na dawa za maji zenye sukari zinywewe kabla ya mswaki, siyo baada.

Mara moja kwa wiki nyanyua mdomo wa juu, mchana kwenye mwanga. Ukiona mstari mweupe kama chaki karibu na fizi, jino limeanza kupoteza madini, ila bado linaweza kuokolewa. Likifikia rangi ya kahawia au tundu, ni safari ya kwa tabibu. "Yataanguka tu" siyo hoja: magego ya utotoni hukaa mpaka miaka 10 au 12, na ndiyo yanayoshikilia nafasi ya meno yajayo.

Baba K

Kuna jino linalowapita wengi. Kwenye miaka 6, nyuma kabisa, huota gego la ukubwani bila jino lolote kung'oka, kwa hiyo mzazi anadhani ni la utotoni. Likiwa linapanda liko chini kuliko jirani yake, mswaki ukienda kama kawaida unapita juu bila kuligusa. Mswaki uingie kwa kukatisha, kutokea shavuni, uzungushwe juu ya jino hilo peke yake. Lina mifereji ya kina, chakula kinaganda humo.

Kwa hiyo miaka 6 siyo umri wa kumwachia. Mkono wako umalizie mpaka 7 au 8.

Shangazi Mkubwa

Na mswaki wenyewe ubadilishwe lini?

Fundi Mswaki

Miezi 3, Shangazi, au nyuzi zikitawanyika kabla ya hapo. Ule wa kutafunia utawanyike tu, hauna kesi. Ila ule wako wa kazi ukitawanyika ndani ya wiki tatu, unakandamiza mno. Ushike kwa vidole vitatu kama kalamu, siyo kwa ngumi.