Ni nani walio nyuma ya chuo cha sayansi za bahari?

Mwanafunzi, Tanga: Ndugu zangu, natarajia kusomea sayansi za bahari na ardhi. Mbali na wahadhiri, ni nani huwezesha chuo cha namna hiyo kufanya kazi?

Nahodha mstaafu: Mwanangu, wapo manahodha, wazamiaji na mafundi wa maabara. Usiwasahau wavuvi: silikanti, samaki aliyedhaniwa ametoweka mpaka alipovuliwa Afrika Kusini mwaka 1938, hapa Tanga alinaswa na nyavu zao za jarife, na Hifadhi ya Bahari ya Silikanti ikaanzishwa mwaka 2009.

Mkazi wa Kigombe: Shikamoo mzee. Niongeze akina mama wakulima wa mwani (husahaulika kila mara), kwani mwani unapougua kwa joto la maji, wao ndio huuona kwanza.

Mwanafunzi: Marahaba ni ya mzee, mimi nawashukuru nyote.