Tupeane uzoefu: giaboksi ya otomatiki ilikufa, tokikonveta ya zamani mliirudisha?

Mzee wa Spana: Wakuu, giaboksi yangu imekufa, klachi pleti zimeungua zote, oili imetoka nyeusi na inanuka kuungua. Fundi anaijenga upya ila tokikonveta, lile dubwana la mviringo lenye oili linalopeleka nguvu ya injini kwenye giaboksi, anasema haina shida, tuioshe turudishe ile ile. Mimi roho inasita. Mliopitia hili ilikuwaje?

Binti Safari: Umenitonesha kidonda. Yangu ilijengwa vizuri tu, pleti mpya, sili mpya, filta mpya, konveta ikarudi ya zamani eti imeoshwa. Mwanzo tamu, gia zinaingia laini mpaka nikawa namsifia fundi kwa watu. Baadaye kwenye mwendo wa kati ukikanyaga mafuta kidogo gari inatetemeka kama inapita juu ya matuta madogo madogo, nikaambiwa ni tairi, nikabalansi, wapi. Sasa siku hiyo ni usiku, mvua, napanda mlima watoto wamelala nyuma, lori limenikalia mgongoni, gari ikaacha kuvuta. Nakanyaga, injini inalia, mshale unapanda, gari haiendi, halafu ikaanza kurudi nyuma taratibu na taa za lori zimejaa kwenye kioo. Nilivuta hendibreki nikakanyaga breki kwa miguu yote miwili, swichi ya taa za hazadi naipapasa siioni. Utingo akaruka na jiwe akalisukumia chini ya tairi. Sampo, lile bakuli la oili chini ya giaboksi, kushushwa, zile sumaku za ndani zimeota manyoya ya chuma, filta imeziba. Konveta ikapelekwa kwa mkerezaji ikakatwa katikati, ukuta wa ndani umegandiwa tope jeusi, unalikwangua kwa bisibisi linatoka vipande vipande. Uchafu wa ule msiba wa kwanza huo, ulikuwa unashuka kidogo kidogo kwenye giaboksi mpya.

Kobe wa Lami: Pole sana dada. Lori lilisimama lakini?

Binti Safari: Lilisimama kaka, ndiyo maana naandika.

Kobe wa Lami: Huyo utingo apewe ng'ombe.

Oili Nyekundu: Yaliyomkuta dada yamenikuta, tofauti mimi nilizimikiwa tambarare.

Chuma Chakavu: Mnatisha watu bure. Mimi nilimimina petroli ndani, nikatikisa, nikamwaga, nikarudia mpaka ikatoka safi. Gari inakimbia mpaka kesho.

Fundi wa Kona: Mkuu, ile kitu imechomelewa pande zote na nyingi hazina hata bolti ya kumwagia. Inazunguka na injini, uchafu unarushwa pembeni unaganda huko, utautikisaje ukatoka? Na petroli inayobaki inaenda kuchanganyika na oili mpya. Kwanza yako ilikufa nini?

Chuma Chakavu: Solenoidi, zile vali za umeme za kuongoza oili.

Fundi wa Kona: Basi! Solenoidi haimwagi unga wa chuma. Wewe hata bila kuiosha ungerudisha. Mwenzako kaunguza pleti, ni habari nyingine kabisa.

Chuma Chakavu: Nani kakupa uprofesa?

Fundi wa Kona: Hizi kucha nyeusi.

Mama Gereji: Acheni kugombana. Nyie wote mnasema konveta tu, kile kipoza oili ndani ya rejeta na mabomba yake mmekisahau, unga wa chuma unalala na humo. Ukiweka konveta mpya na kipoza hakijasafishwa umefanya nusu kazi. Na rejeta ikitoboka kwa ndani, maji yakaingia kwenye oili mpaka ikageuka pinki zito, konveta hiyo usiulize, tupa, maana zile pleti na ile klachi ya ndani yake zinabanduka gundi.

Kobe wa Lami: Ushauri wangu nunua manyuo, gari ya gia za mkono.

Oili Nyekundu: Manyuo nayo klachi inaungua, ila angalau unaijua adui yako.

Mama Gereji: Na ukishapata konveta nzuri, ijaze oili kidogo kabla ya kuifunga, halafu isukume huku unaizungusha mpaka izame kabisa, kwenye nyingi utasikia ikidondoka mara mbili au tatu. Giaboksi ikutane na injini bila kuvutwa na bolti. Ukijikuta unakaza bolti ndipo vikaribiane, simama hapo hapo, unavunja pampu ya oili ya giaboksi. Nimeona giaboksi imetoka kujengwa inavunjwa pampu kabla haijawashwa.

Binti Safari: Na shingo ya konveta, ile inayoingia kwenye giaboksi, iangalie, ikiwa na mikwaruzo sili ya mbele haidumu.

Mzee wa Spana: Nimemwambia fundi tuikate konveta. Anasema mkerezaji anayeijua hiyo kazi ni mmoja na ana foleni.

Fundi wa Kona: Kaa kwenye foleni mkuu. Akimaliza muulize ameibalansi na ameipima kama inavuja, kabla hujaibeba.

Chuma Chakavu: Au niletee mimi, petroli ninayo.