Tailizi za asbesto beisimenti: nifunike, niite kampuni au nibandue mwenyewe?

Mdigo_Baridini:
Wakuu habari za wikiendi. Nimenunua nyumba huku Minnesota, bi mkubwa anakuja kiangazi nataka nimwandalie chumba beisimenti, kule chini ya nyumba. Nimefunua zulia nakuta tailizi za kizamani, jirani mzungu akapita akasema hizo asbesto usiguse. Nina njia tatu, kufunika na vinyl (sakafu ya plastiki) juu yake, kampuni iondoe (wamenitajia dola 7,200!!) au nibandue mwenyewe na skrepa. Ipi bora? Mogeji imeshanikaba shingo.

FundiSanifu:
Mkuu umeleta swali nusu. Nyumba ya mwaka gani? Tailizi zina ukubwa gani, nzima au zimepasuka? Beisimenti inavuja? Na nani kapima, maana jirani hana darubini machoni.

Binti_Pangani:
Funika kaka, yaishe. Sie tumelaza vinyl ya kubofya juu, haina gundi wala msumari, watoto wanacheza na maisha yanaendelea. Hiyo 7,200 mkatie mama tiketi, na chenji inabaki.

FundiSanifu:
Dada bado hatujajua kama panavuja unamwambia afunike? Unyevu ukipanda kwenye zege chini ya vinyl, tailizi zinabanduka zenyewe na ukungu juu. Abandike kipande cha nailoni sakafuni, apige teipu pande zote, akague kesho yake. Kikitoa jasho, maji kwanza, sakafu baadaye.

Mdigo_Baridini:
Nyumba ya 1956. Tailizi nimepima inchi 9 kwa 9, kahawia na kijani, nyingi nzima ila pale karibu na boila zimepasuka na chini kuna gundi nyeusi kama lami. Maji sijaona ila tumehamia kipindi cha barafu.

FundiSanifu:
Sasa tunaongea. 9 kwa 9, miaka ya hamsini, gundi nyeusi, ichukulie ni asbesto mpaka maabara iseme vinginevyo. Na usipime tailizi peke yake, hiyo gundi nayo mara nyingi inakuwa na asbesto. Zima feni ya hita, lowesha kona iliyokwisha kuvunjika kwa maji yenye tone la sabuni ya vyombo, chukua kipande, tia kwenye mfuko wa zipu, gundi mfuko wake, peleka. Hela yake ni ndogo ukilinganisha na hiyo kotesheni. Tailizi ikiwa nzima nyuzi za asbesto zimefungwa ndani, hazina pa kwenda. Balaa ni vumbi.

Mzee_wa_Columbus:
Hapo kwenye vumbi nisikilizeni. Shemeji yangu huku Ohio alimpata kontrakta wa bei chee, jamaa akang'oa tailizi zikavu kwa nyundo halafu gundi ilipogoma akaleta mashine ya msasa, mkavu kabisa, mlango wa ngazi uko wazi na hita inazunguka, yaani ile hewa ya beisimenti ikapelekwa na mabomba hadi chumba cha watoto. Shemeji anarudi kazini anakuta unga wa kijivu juu ya friji, akachukua vakyumu ya kawaida akafagia nyumba nzima, na vakyumu ya kawaida hizo nyuzi inazitemea nyuma. Wakaja kupima hewa, familia ikahamia hoteli, mazulia na makochi yakatupwa, bima ikasema haihusiki. Kontrakta simu haipatikani mpaka leo. Kwa hiyo ukiita mtu omba leseni ya asbesto yenyewe, siyo leseni ya ujenzi tu.

Chuma_Ulete:
Mnatishana bure. Shule niliyosoma paa lote lilikuwa la asbesto, tulicheza kombolela humo, niko fiti.

Binti_Pangani:
Una miaka mingapi? Hiyo kitu inakaa kwenye mapafu hata miaka 20, 30, 40 ndio ugonjwa uibuke, na kama unavuta sigara ndio kabisa. Hata Marekani krisotaili, aina mojawapo ya asbesto, wameipiga marufuku Machi 2024.

Otieno_Dallas:
Kenya tuliipiga marufuku 2006, tuliwapita hao 😂. Lakini paa bado ziko tele, ukienda esteti za zamani za reli utaziona. Kwetu shags mama bado anakinga maji ya mvua kutoka kwa paa kama hiyo. NEMA, wale wa mazingira wa serikali, wanataka itolewe na watu wenye leseni na bei yao si mchezo.

Chuma_Ulete:
Kwa hiyo maji ya paa yanadhuru au hayadhuru?

FundiSanifu:
Kubwa ni kuvuta hewa yake siyo kunywa, ila paa lililozeeka linamumunyuka, hapo Otieno asipande na brashi kulisugua. Tusihame mada lakini. Mdigo, kubandua mwenyewe majimbo mengi yanamruhusu mwenye nyumba anayeishi humo, uliza idara ya afya ya jimbo lako kwanza. Ila utahitaji maski ya P100, yenye kichujio cha vumbi laini, ile ya hospitali haizuii kitu, nailoni nzito, kulowesha muda wote, na dampo linalopokea. Mimi ningefunika, pale kwa boila tu ndio niwaite wenye leseni.

Mzee_wa_Columbus:
Akifunika, siku ya kuuza lazima amwambie mnunuzi. Bei itashuka.

Binti_Pangani:
Mtu hajalala hata msimu mmoja ushamuuzia nyumba 😅

Mdigo_Baridini:
Asanteni. Sampuli nitapeleka wiki ijayo. Bi mkubwa nimemweleza akasema yeye beisimenti halali, anataka chumba chenye dirisha aone nje, kwa hiyo sijui tena hata ninamtengenezea nani.

Otieno_Dallas:
Mpe mama chumba chako wewe ushuke 😂. Lakini jameni, mtu anajua bei ya mabati ya kubadilisha paa ya nyumba ya vyumba vitatu, Siaya?